Barua kwa mwanangu: Halua nayo iandike

Wete, Pemba

Mwanangu Mize,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na bibi yako anauliza lini unakuja, kama kawaida yake.

Simu yako ya juzi haikuniridhisha. Ulisema umeharibu mpango wako wote wa kupunguza uzito kwa bakuli moja la urojo, kwamba mzani asubuhi umeonesha kilo moja zaidi, na kwamba kwa hiyo hutokula mpaka usiku. Nilitaka kukujibu palepale lakini mambo ya hesabu kwenye simu hayaeleweki, mtu anasema mia tano mwenziwe anasikia mia tisa. Ndio nimekaa kuandika.

Tuanze na hiyo kilo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kiasi cha kalori 7,700. Tuseme lile bakuli lilikuwa na 600, na hapo naona nimelikirimu. Ili upate kilo nzima ya mafuta ungelazimika kumaliza mabakuli kumi na mawili na ushei, tena juu ya chakula ambacho mwili wako unakihitaji kwa siku. Hakuna aliyefanya hivyo hapo kwenu Unguja, pale Forodhani, hata wale vijana wa mpira. Kilichopanda ni maji. Urojo una chumvi, na chumvi hushika maji. Viazi na bajia ni wanga, na mwili ukiuweka akiba wanga wake huuweka pamoja na maji. Ongeza na chakula chenyewe, ambacho asubuhi bado kimo tumboni na kina uzito wake. Kula kama kawaida, ngoja siku mbili tatu, kisha upime. Wanawake mna na sababu nyengine za mzani kupanda na kushuka ndani ya mwezi, hizo muulize mamako.

Na kushinda na njaa kwa kujiadhibu sikubaliani nako. Ukitaka kufunga, funga Jumatatu na Alkhamisi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, utapata thawabu zako. Lakini mtu anayejinyima kwa hasira mchana kutwa, ikifika saa mbili za usiku hachagui tena. Anakula mkate, anakula wali wa jana, anakula na biskuti za mtoto wa jirani, na hakuna hata kimoja alichokitamani. Kesho yake anajiadhibu tena. Ule urojo ungekugharimu 600 tu, lakini adhabu yake itakugharimu zaidi.

Najua utasema baba anatetea biashara yake ya halua. Ni kweli nakula kwa sukari, na wewe umesomeshwa kwa sukari. Lakini tangu niambiwe sukari ya damu yangu iko juu, nimekaa na yule muuguzi wa kliniki mara nyingi, na kila anachonifundisha narudi nacho jikoni napigia hesabu. Kwa hiyo unapoandika kila unachokula kwenye simu yako, sikucheki kama wanavyokucheka shangazi zako. Naona unafanya jambo la maana. Ninachokataa ni hili la kuigawa dunia mafungu mawili, vyakula vya kuandikwa na vyakula vya kuonewa haya. Cha kuonewa haya ndicho hasa cha kuandikwa.

Chukua halua. Ninayoipika kawaida ni sukari kilo 3, wanga kilo 1, samli kilo 1. Gramu ya sukari ina kalori 4, ya wanga haipungui sana hapo, ya samli ina 9. Sukari inatoa 12,000, wanga kama 3,600, samli 9,000. Jumla 24,600. Hiliki, kungumanga na zafarani hazina hesabu ya maana, na lozi natia chache za kupamba juu. Ikishaiva, ikaanza kuachana na sufuria na samli ikachuruzika pembeni, naiteremsha. Ikipoa naipima: kilo 6 na nusu, kwa sababu maji mengi yameshakwenda na mvuke. Basi gramu moja ni kalori 4 kasoro kidogo. Kipande cha gramu 40, ambacho ni kipande cha heshima, unakiweka kwenye kisahani na hakuna mgeni atakayesema umembania, ni kalori 150. (Vipimo hivi vibaki baina yetu. Kuna mtu hapa Wete analala akiviota.)

Sasa 150 ni nini kwa mtu aliyepangiwa 1,600 kwa siku? Ni kitu, siwezi kusema si kitu. Lakini si maafa. Yule mtaalamu wa lishe alikupangia 1,600 ili ukae kama 500 chini ya unachotumia, sivyo? Mwili haufungi hesabu zake usiku wa manane kama muuza duka. Hesabu kwa wiki: 500 mara 7 ni 3,500. Ukila kipande cha halua juu ya mpango, na ukaacha hivyohivyo bila kukifidia, umebakiwa na 3,350. Bado unapungua. Hata lile bakuli la urojo, tukilitia lote kama ziada, limekuachia 2,900.

Ila mimi ningependa usiite ziada. Fanya kama kibubu: kila siku weka kando 50, yaani kula 1,550 badala ya 1,600. Hamsini ni kidogo, ni kijiko cha mchele hapa na tone la mafuta pale, huihisi. Ikifika Ijumaa una 350 za kutumia utakavyo na hudaiwi na mtu. Halua na kahawa chungu, bado unabakiwa na 200. Au andazi moja la mamako.

Na hilo andazi nalo nilikuwa nalitafuta kwenye simu ya mdogo wako. Ile programu inakupa namba ya andazi bila kukuambia andazi la nani. La mkahawani limejaa hewa, la mamako limejaa tui. Nikamwambia mamako tupime. Akacheka, akaniambia nimekosa kazi, lakini alipima: unga nusu kilo, sukari gramu 100, tui zito gramu 200, na mafuta kwenye karai kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga. Yalikuwa yamepungua gramu 160, zote zimo ndani ya maandazi. Yalitoka ishirini. Ukipiga hesabu, andazi moja linapita 200 kidogo, na zaidi ya thuluthi ya hizo ni mafuta ya karai. Mamako alinyamaza, kisha akasema, "Basi ndio maana matamu." Tangu hapo anapima kila kitu na mimi mzani wangu siuoni.

Fanya na wewe hivyo kwa vitu viwili vitatu unavyovipenda sana. Huhitaji kupima dunia nzima. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta kina kalori 120. Ukilijua hilo peke yake umeshajua mengi kuhusu jiko letu.

Kisha kuna jambo la chai, na hapa nitakusema. Ulipokuja Sikukuu uliikataa halua mbele ya wageni, mkono kifuani, "ahsante, nimeacha". Hapohapo una kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari, na nilikuona nacho tena saa kumi. Ukiwa afisini najua ni vikombe vinne kwa siku. Vijiko kumi na viwili, kila kijiko gramu 4, ni gramu 48 za sukari, kalori 190 na kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kutia isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa 1,600 zako, asilimia 10 ni gramu 40. Maana yake chai peke yake imeshavuka mpaka, kabla hujatia kitu kitamu mdomoni. Kipande changu cha halua kina gramu 18 na nusu za sukari.

Shusha mpaka kijiko kimoja kwa kikombe. Wiki ya kwanza utaona unakunywa maji ya kuoshea kikombe, baadaye ulimi unazoea. Ukiwa na vikombe vinne kila siku, utakuwa umeokoa karibu kalori 900 kwa wiki, ambazo ni vipande sita vya halua. Sisemi uvile vyote sita. Nasema utamu uende pale unapouona, ukiwa umekaa, unajua unakula nini. Sukari ya chai ya afisini huionji hata, unaimeza huku unasoma karatasi za watu.

Urojo usiuache. Ukifika kwa muuzaji mwambie akutilie supu nyingi, viazi, yai na mshikaki, bajia mbili badala ya rundo, na chipsi za muhogo za kurusha juu tu. Supu yenyewe ni unga kidogo, embe mbichi, ndimu na manjano, haina uzito mkubwa. Kalori zimo kwenye vilivyotoka karaini, na chatini ya nazi nayo ina mafuta yake. Utakula urojo ule ule na pengine utapunguza robo.

Kwenye sinia ndipo pana taabu kweli, na hapo sina dawa nzuri. Mko watu watano, biriani limefunikwa nyama, utahesabu vipi? Kula cha mbele yako, kama ulivyofunzwa chuo cha Kurani, anza na samaki au nyama na kachumbari, nenda polepole ili mkono wako uwemo mpaka mwisho. Wenyeji wetu hawapimi umekula kiasi gani, wanaangalia kama umekula nao. Ukishanawa, andika makadirio ya juu kidogo, funga simu, urudi kwenye mazungumzo. Ukikosea 200 kwenye harusi moja hakuna kitakachoharibika. Shangazi yako akisema "umekonda, unaumwa?" mjibu hujambo, usimpigie darasa. Na akisema "umenenepa" mjibu vilevile.

Lakini sikubaliani pia na zile siku za kujiachia ambazo ulisema wenzako wa mazoezi wanazo, siku nzima bila kuandika. Siku sita ukibana umeokoa 3,000. Siku ya saba ni chapati na supu asubuhi, biriani na soda mchana, jioni kachori na juisi ya miwa, usiku mishikaki na mkate wa kumimina. Siku ya namna hiyo inaweza kula nusu ya akiba yako au zaidi, na mtu anashangaa kwa nini mwezi umekwisha na nguo ni zilezile. Chagua kitu kimoja ulichokitamani, ule, uandike, yaliyobaki ya siku hiyo yawe ya kawaida.

Mimi usiniige. Mwenye sukari hesabu yake ni nyengine na ni ya daktari. Halua yangu siku hizi ni ncha ya kijiko, kuonja kama hiliki imekaa. Wewe ulipimwa na damu yako ni nzuri, usijitie kwenye masharti ya mzee. Na ukiona kichwa kinakuzunguka, au unaogopa chakula hata ukiwa na njaa, rudi kwa yule mtaalamu umwambie hivyohivyo, usiifiche. Namba ya 1,600 aliiweka yeye, yeye ndiye wa kuibadilisha. Usiishushe kwa kuona jirani ana 1,000.

Sasa, nakutumia robo kilo kasoro kidogo ya halua kwa boti ya Alkhamisi. Ni vipande sita vya gramu 40, kila kimoja nimekifunga peke yake. Viwili vyako, kimoja wiki hii na kimoja wiki ijayo, vinne wape wenzio wa afisini kabla hujafika navyo nyumbani. Usiitie kwenye friji, itakuwa ngumu na watasema halua ya Wete imebadilika. Kahawa iwe chungu. Mtu wa kuipokea awe bandarini Malindi mapema, jina nimeandika lako.

Mamako anasema ukipata nafasi mpitie Darajani umnunulie mzani mdogo wa jikoni, wa betri, unaoanzia gramu moja. Mnunulie haraka, tafadhali, nipate wangu.

Wasalaam,
Baba yako