Ile picha yako ya roboti tumeiona

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sote wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi halijatuachia. Mamako anakusalimu sana. Umeuliza watu wa nyumbani walisemaje juu ya ile picha ya sinema, A.I. Artificial Intelligence, uliyotutilia kwenye flashi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nakujua.

Tuliiweka baada ya isha. Alikuja ami yako wa Kuze na wanawe, nyanya yako akapewa kiti cha mbele, na vijana wa barazani wakajileta wenyewe waliposikia kuna roboti. Walitarajia vita. Walipoona ni kitoto cha kutengenezwa kinachomtafuta mama, baadhi yao wakatokomea kwenye mishkaki. Waliobaki ndio wenye maneno.

Mwanzo tu, msimulizi anaeleza jinsi barafu ilivyoyeyuka na bahari ikameza Amsterdam, Venice na New York. Ami yako akauliza, "Na sisi wa kisiwani?" Hakujibiwa. Bajia zilikuwa bado za moto.

Ulinieleza kwamba A.I. Artificial Intelligence ilikuwa ndoto ya Stanley Kubrick kwa miaka mingi, na kwamba alipofariki mwaka 1999 Steven Spielberg ndiye aliyeipiga, ikatoka 2001. Basi nimesoma zaidi. Watazamaji wengi wa kule walikasirikia mwisho wake, wakasema Spielberg amemwaga sukari kwenye kazi ya mwenzake. Spielberg mwenyewe amesema mambo ni kinyume: ule mwisho ni wa Kubrick. Hapa kwetu hakuna aliyelalamikia machozi. Sisi tumelelewa na picha za Kihindi za majumba ya sinema ya Regal na Naaz. Mama na mwana wapotezane, watafutane mpaka tukome, kisha wakutane dakika ya mwisho: hiyo kwetu ni haki ya mkata tikiti.

Kilichowachanganya ni wale viumbe warefu, wembamba, wanaomfukua David, kile kitoto cha roboti, kwenye barafu. Nyanya yako alisema ni majini, tena majini wema. Vijana wakasema ni watu wa sayari nyingine. Nikawaambia ni roboti wa zama za mbele, baada ya miaka elfu mbili, wanaotafuta habari za wanadamu waliokwisha toweka. Ami yako hakukubali mpaka nikarudisha nyuma. Usiwacheke, kwani huko Marekani nako wengi walidhani ni watu wa sayari nyingine. Hata Roger Ebert, yule mhakiki wa Chicago, aliipa nyota tatu kati ya nne ilipotoka, kisha mwaka 2011 akaiingiza katika orodha yake ya picha kubwa. Picha nyingine hudai muda.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Monica, yule mama anayetafutwa. Mwanawe mgonjwa, hana tamaa ya kumpata tena, mume anamletea David. Anasoma yale maneno ya kumfunga, na tangu hapo mtoto yule atampenda yeye tu, na hakuna wa kulifungua fundo. Akikataliwa, hurudishwa kiwandani akavunjwe. Mwana wa kumzaa akapona, mambo yakaharibika, na Monica akamwacha David msituni. Pale mamako akasema mwanamke hana kosa, amemwokoa asivunjwe. Shangazi yako akamjia juu: mlezi hatupi. Yule kijana fundi wa simu akadakia kwamba kitu kilichotengenezwa kipende hakipendi, kinafanya kazi yake kama feni inavyozunguka. Shangazi akamgeukia: "Na wewe ulipomlilia mamako siku uliyozaliwa, ulikuwa umeshamjua?" Fundi akanyamaza. Si jambo la kila siku hilo.

Sasa nikupe lililonikaa mimi. Kuna mkutano mwanzoni, mwanamke mmoja anamuuliza Profesa Hobby, mtengenezaji wa David: roboti akimpenda mtu kweli, mtu yule anadaiwa nini? Hobby anajibu kwa kuuliza, kwani Mungu hakumuumba Adamu ampende? Yule mzee jirani yetu akapiga astaghfirullah, nikadhani anaondoka. Alikaa. Akatazama hadi tulipojua kwamba Hobby alimchonga David kwa sura ya mwanawe aliyekufa. Ilipokwisha akatukumbusha aya za sura ya Adh-Dhaariyaat katika Qur'ani: Mwenyezi Mungu hataki riziki kwa viumbe wake, wala hataki wamlishe. Hana haja nao. Hobby ana haja. Monica ana haja. Wamemtengeneza mtu wa kuwaziba pengo, na pengo lilipozibwa na mwingine, yule wa kwanza hana pa kwenda. "Kosa halikufanyika msituni," mzee akasema, "lilifanyika kiwandani."

Naona amepatia kuliko wengi walioandika magazetini. Sisi wote sebuleni tulikuwa tukimhukumu mama, na swali la yule mwanamke wa mkutanoni likapita bila jibu, kama lilivyompita Hobby. Wewe ndiye unayesomea mambo hayo ya kompyuta; ukikaa na wenzako kwenye mikutano kama ile, liulize tena, na ukijibiwa kwa Adamu usikubali.

Na sisi wazazi hatujasalimika. Tunasema waziwazi tunazaa tupate wa kututazama uzeeni. Mimi na mamako tulikuomba kwa Mungu tukiwa na haja zetu, sikufichi. Ukisikia nanung'unika kwamba hupigi simu, nusu ya manung'uniko hayo ni upweke wangu mimi. Usijione mdaiwa kwa hiyo nusu. Nusu ya pili, piga simu.

Nyanya yako anauliza yule dubu Teddy aliishia wapi, maana mama na mwana walilala, yeye akabaki kakaa kitandani na hakuna aliyemshughulikia. Ametaka umjibu wewe mwenyewe. Na utakayotuletea Idi isizidi saa mbili, hii ilikaribia mbili na nusu na ami yako alikosa matatu ya kurudi. Vijana wameomba yenye vita.

Babako