Picha za reli kwa ukuta wa Mama Upendo

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili jioni

Kwako Mama Upendo, rafiki yangu wa siku zote,

Kamwene! Huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imezidi. Asubuhi nikifungua kibanda changu cha fremu, ukungu bado umelala barabarani, hata bodaboda inayokuja unaisikia kabla hujaiona. Nimefurahi sana kusikia mgahawa wako wa Gangilonga, hapo Iringa, umekwisha pakwa rangi, na kwamba ule ukuta mrefu umeuacha wazi kwa ajili ya picha za treni. Umeniuliza uweke zipi. Nimekaa na swali hilo wiki nzima.

Zile ulizonitumia kwenye simu nimezitazama moja moja. Hayo ni mabango ya kampuni za reli za Uingereza, ya miaka ya 1920 na 1930, na mazuri yake hayana ubishi. Yalibandikwa stesheni, makubwa yake yakiwa na upana wa sentimita 127 na kimo cha 102, ili mtu anayesubiri treni ya kwenda kazini atamani likizo. Lakini yatazame tena, mwenzangu. Mengi hayana treni hata moja. Kuna bahari, kuna mwavuli wa ufukweni, kuna mlima na ngome, kwa sababu kampuni ilikuwa inauza mahali pa kufika. Mchoraji kama Tom Purvis aliweza kumaliza ufukwe mzima kwa rangi tano sita zilizolala bapa, bila kivuli. Ukitaka treni yenyewe, mtafute Cassandre wa Paris: bango lake la Nord Express la mwaka 1927 linaionyesha injini kutoka chini, kana kwamba msanii alijilaza kando ya reli. Hilo chukua, litapendeza karibu na mlango.

Sasa nikuambie ninachotaka uweke katikati ya ukuta.

Kulikuwa na kijana Mwingereza, John Cooke Bourne, aliyezaliwa mwaka 1814. Reli ya kutoka London kwenda Birmingham ilipokuwa inajengwa, reli ya kilomita 180 hivi, yeye alianza kwenda kwenye machimbo na kalamu yake, treni haijapita bado. Alichora udongo ukiwa wazi. Alichora mahandaki yakiwa mashimo yenye matope, na kamba, na winchi, na watu. Michoro ile ilitoka kitabuni mwaka 1838 na 1839, naye mwenyewe ndiye aliyeihamishia kwenye jiwe la kuchapia.

Kuchapa kwa jiwe ni kazi ninayoipenda hata kuisimulia. Jiwe la chokaa linasuguliwa mpaka linakuwa laini, unachora juu yake kwa chaki ya mafuta, kisha unalilowesha. Penye mafuta maji hayakai, palipo na maji wino haushiki. Unaweka karatasi, unabana, picha inatoka imegeuzwa kushoto kulia, ndiyo maana mchoraji huanza kinyume. Kila rangi ina jiwe lake. Za Bourne zina weusi wa mchoro na rangi moja ya udongo mkavu nyuma yake, basi. Hazipigi kelele ukutani.

Ninayo moja hapa kibandani, ya mwezi Juni 1837, mahali paitwapo Tring. Kilima kimekatwa katikati, kina kinafika mita 18 hivi. Kwenye kingo wameegemeza mbao ndefu kutoka chini hadi juu. Juu ya kila ubao yuko mtu mmoja anasukuma toroli lililojaa udongo. Toroli limefungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi kule juu, na farasi anaivuta. Mtu yule amelala nyuma karibu kuanguka, uzito wake wote uko kwenye kamba na kwenye mikono. Farasi akiteleza au kamba ikilegea, analitupa toroli upande mmoja, mwenyewe anaruka upande wa pili. Ubao ukiwa na tope la mvua, fikiria mwenyewe.

Hayati baba aliiona picha hii mwaka wa mwisho wa uhai wake. Unakumbuka alivyokuwa haongei sana. Aliishika fremu kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaweka kidole juu ya yule mtu wa toroli. Akasema, "Huyu mgongo unamuuma." Halafu akakaa kimya mpaka chai ikapoa.

Yeye alikuwa kibarua wa kujenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mlimba na Makambako, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote, maana reli inatoka bondeni na kupanda nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki yanayofuatana. Pale Mto Mpanga nguzo za daraja zinafika karibu mita 50. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza mwaka 1970, na kufikia 1975 njia ilikuwa imekwisha tandikwa. Tunapita Uyole kila siku bila kufikiri kwamba pale ndipo juu kuliko pote kwenye reli nzima, karibu mita 1,790. Kile kikombe chake cha bati chenye maua bado ninacho. Kilitoka kwenye zile bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani kwetu ili kulipia gharama za ndani za ujenzi, kwa hiyo hata chai yake ilikuwa na reli ndani yake.

Ndiyo maana nakusihi: Bourne awe katikati, na pembeni yake weka picha ya TAZARA ya wakati wa ujenzi. Iringa hamna reli, treni yenu ya karibu iko Makambako, lakini wazee waliokwenda kufanya kazi kule walitoka vijiji vya pande zenu pia, na wajukuu zao ndio watakaokunywa chai kwako. Kuna jambo jingine. Mwaka 1976 ilitoka stempu ya senti 50 yenye TAZARA, bado ikiwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Ninayo kwenye bahasha ya barua ya baba, muhuri wa posta umeifunika kona. Nitaipiga picha vizuri na kuikuza, fremu nyembamba nyeusi. Hiyo ni zawadi yangu kwako, usiilipie.

Kuhusu kununua, uwe macho. Mtu akikuambia bango ni la zamani halisi, chukua lenzi uangalie rangi kwa karibu. Ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa safu safu, hiyo ni nakala ya mashine ya siku hizi. Nakala si kosa, hata hii yangu ni nakala, ila uilipe bei ya nakala. Bourne alifariki mwaka 1896, michoro yake haina tena mwenye kudai haki, unaweza kuichapisha hapa mjini kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'aa. Ya kung'aa itakurudishia taa na madirisha, wateja wasione kitu.

Na kioo kisiguse karatasi. Hilo lilinigharimu. Picha yangu ya kwanza ya Tring niliibana moja kwa moja kwenye kioo, nyuma nikaweka kadibodi ya katoni na selotepu. Masika moja tu, ikaganda kwenye kioo na kuota madoa ya kahawia mbinguni pale juu ya kilima. Kiswahili kimetumia neno moja kwa ukungu wa mlimani na ukungu wa kwenye karatasi, na huku kwetu wa kwanza ndio unaouleta wa pili. Siku hizi naacha nafasi kwa ukingo wa kadi isiyo na asidi, na nyuma nabandika vipande vya kizibo ili fremu isigusane na ukuta. Usizitundike upande wa jiko kwenye mvuke, wala ule ukuta unaopigwa na jua la saa kumi.

Nipimie ukuta kwa futi kamba, urefu na kimo, na uniandikie swichi za taa ziko wapi. Ukinitumia kabla ya Ijumaa, nitakata mbao mwisho wa wiki na mzigo utapanda basi la Jumatano. Mwambie kondakta ausimamishe, asiulaze.

Msalimie shemeji na Upendo.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini