Vifaa vipya vya mashua vijaribiwe majini kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo linaloniuma sana. Huku Kisumu mashua zikipewa vifaa vipya, iwe winchi (ile mashine ya kuvutia kamba ama mnyororo), nanga, kamba ama laifu jaketi, watu wanapigwa picha ufuoni, hotuba zinatolewa, alafu usiku huohuo mashua inaingia ziwani na vitu ambavyo hakuna mtu amevivuta hata mara moja vikiwa na mzigo. Hii maneno inaweza kuua watu.

Mimi ni fundi wa mashua hapa Dunga, lakini kabla nirudi nyumbani nilikuwa Kilifi nikifunga vifaa vya deki kwa yoti za matanga, zile za watu wanaozunguka dunia. Wale ni makini ajabu. Yoti ikifungwa winchi mpya haielekei Shelisheli kesho yake, hapana, inatolewa kwanza nje kidogo siku ya upepo wa kutosha, tanga linavutwa mpaka kamba inalia, na mtu ameinama anaangalia kama kamba inaingia kwa winchi ikitokea chini kidogo, manake ikitokea juu mizunguko inapandana inajikaba na mzigo ukiwa bado uko huwezi kuilegeza. Alafu mwingine anamwaga maji kwa deki huku chini kuna mtu na tochi anatafuta bolti inayovuja, na wakirudi nati zote zinakazwa tena.

Nanga nayo wanaishughulikia zaidi. Mnyororo wa milimita 8 ukiuweka kwa gurudumu la winchi lenye meno ya mnyororo wa milimita 10 unaruka meno, na ukianza kuruka unaweza kuenda wote. Kwa hivo wanaushusha mpaka mwisho, waone umefungwa ndani na kamba inayoweza kukatwa na kisu hali ikiwa mbaya, alafu mashua inarudishwa nyuma na injini polepole, nguvu ikiongezwa kidogo kidogo, huku mtu akiangalia vitu viwili nchi kavu kama bado viko mstari mmoja. Na mzigo hauachiwi winchi, unabebwa na kamba ya nailoni manake nailoni inanyumbuka.

Kuna pia ule mkanda unaolazwa kutoka nyuma hadi mbele ili baharia ajifunge nao. Wanapenda mkanda bapa, waya unabingirika chini ya mguu. Wanaujaribu mchana, maji yametulia, mtu anauegemea na uzito wake wote, na kamba yake ikimruhusu kufika majini inafupishwa hapohapo, kwa sababu kuburutwa na mashua inayokimbia ni kuzama tu hata kama umefungwa.

Mwaka wa 1968 kulikuwa na mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kusimama. Donald Crowhurst, Mwingereza, alitoka 31 Oktoba, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, na mashua mpya ambayo vifaa vyake vilikuwa havijakamilika, hata nyaya za mfuko wa hewa uliokuwa juu ya mlingoti, wa kuzuia mashua isipinduke kabisa, hazikuwa zimeunganishwa. Julai 1969 mashua ilipatikana bila mtu. Kati ya watu 9 walioanza alimaliza Robin Knox-Johnston pekee, siku 312, na mashua yake, Suhaili, alikuwa ameshaitoa India mpaka Uingereza kabla ya hapo, alijua inavunjika wapi.

Najua kuna watakaosema ziwa si bahari. Waulize wavuvi wa omena wanaotoka giza totoro, ndo saa dhoruba zetu zinapenda kushuka, na gugu maji likisukumwa na upepo linakuja kisiwa kizima juu ya kamba ya nanga. Kamba yenyewe ni ile ya bei rahisi inayoelea, jua limeshaila.

Kwa hivo nawaomba wafadhili, kaunti na BMU zetu (vile vikundi vya kusimamia ufuo), kabla mtu yeyote atie sahihi kupokea vifaa, mashua iende kati ya Dunga na kisiwa cha Ndere ikiwa na watu wake na nyavu zake kama kawaida, itie nanga, ivute kila kamba, watu waingie majini na hizo laifu jaketi, alafu warudie giza likiingia. Na fundi aliyefunga vitu awe ndani, asibaki ufuoni. Mimi nitaingia kwa kila moja nitakayofunga.

Fundi wa mashua,
Dunga, Kisumu