RISALA YA WANAFUNZI WA SOSHOLOJIA WATANZANIA TULIOPO NANJING KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu profesa, walezi wetu na wanafunzi wenzangu, habari za jioni.

Mama, siku tunakualika ulituuliza kwenye simu hivi huko mnasoma nini hasa kuhusu familia, tukabaki tunacheka maana jibu ni refu. Leo ndo tunakujibu.

Mwaka mzima tumeganda kwa Fei Xiaotong, mwanasosholojia wa Kichina. Mwaka 1936 alienda kijiji cha Kaixiangong, karibu na ziwa Tai hapa Jiangsu, akiwa bado anauguza majeraha, alinasa kwenye mtego wa chui milia huko Guangxi na mkewe akafariki akienda kumtafutia msaada. Kijijini alipelekwa na dada yake, Fei Dasheng, mtaalamu wa hariri aliyewasaidia wanakijiji kufungua kiwanda 1929. Watu wakimsifia Fei wanamruka huyu dada, sisi tumegoma kumruka, maana bila kile kiwanda mabinti wasingeshika mshahara wao wenyewe. Fei kaandika kuhusu mwanamke wa kiwandani aliyemfokea mumewe mbele za watu, kisa mvua imenyesha na jamaa kasahau kumpelekea mwavuli. Mwavuli tu jamani! Ila kwa kijiji kile mume kumhudumia mkewe hadharani haikuwepo, ndo maana Fei akaona aiandike.

Mwezi wa nne tulienda wenyewe kijijini hapo, tuone familia za leo. Kwenye sera ya China ya mtoto mmoja kwa kila familia, iliyoanza 1980 hadi mwisho wa 2015, mikoa mingi iliwaachia wanavijiji wazae wa pili kama wa kwanza ni binti, Jiangsu ikabana hata vijijini, kwa hiyo nyumba kibao zikabaki na binti peke yake, hamna kaka wa kugombania naye ada, hela yote ya tuisheni na gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, ikaenda kwake. Shida ikaja kwenye ndoa, nani aondoke kwao wakati kila upande una mtoto mmoja? Siku hizi huku kusini mwa Jiangsu wapo wanaofunga ndoa ya vichwa viwili, haoi mtu wala haolewi mtu, mtoto mmoja anachukua ukoo wa baba na mwingine wa mama. Bibi mmoja alitushikia mjukuu wake juu kabisa akatuambia huyu ni wa kwetu, yule mwenzake ni wa kule!

Changamoto mama ni lugha. Tumesoma Kichina cha darasani, wazee wanaongea Kiwu, Kichina cha huku kwao, saa mbili za mahojiano tumeambulia "kuleni, kuleni" na tumbo kujaa.

Tunaomba utuchangie hela ya mkalimani, na ukipata nafasi twende wote safari ijayo, yule bibi kashatuuliza mwalimu wenu mbona hamkuja naye.

Tunaomba kuwasilisha.