Mdogo wangu, usingetuuliza

Mdogo wangu,

Nimesikia unazunguka na lile swali la kazi ya mbali. Umemuuliza shangazi, umemuuliza binamu yetu, umewauliza hata rafiki zako wa shule ambao hamjaonana miaka. Kila mmoja amenipigia kunieleza alivyokushauri. Mimi tu ndiye hujaniuliza, na simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu.

Sitakwambia ukubali wala ukatae. Jibu unalo, na ulikuwa nalo kabla hujamfungulia mdomo mtu wa kwanza. Nakujua tangu unatambaa: ukishaamua jambo unanyamaza kwanza, halafu ndipo unaanza kuuliza, na maswali yako yote ni ya kuomba ruhusa. Kuuliza si ujinga, hilo tumelelewa nalo. Lakini aliyepotea akionyeshwa njia hushukuru akaenda zake. Wewe ukionyeshwa njia unamtafuta mwingine wa kumuuliza.

Usiku ule ulikuwa hivyohivyo.

Wewe ndiye uliyeona. Tulikuwa sebuleni wote, na wewe peke yako ukaona mama anashika kikombe kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto umelala pajani kama si wake. Ukamwambia acheke. Akacheka upande mmoja. Ukaingia chumbani, ukatoka na lile begi dogo la bluu begani, viatu umeshavaa, ukasema, "Twendeni hospitali sasa hivi." Laiti ungeishia hapo! Ukatutazama mmoja mmoja, sauti ikashuka: "Au mnaonaje?"

Mjomba akasema ni uchovu. Baba akasema aachwe alale, kukicha tutaona. (Mnaosoma hapa msimlaumu baba, naye aliogopa kwa namna yake.) Wengine wakafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho. "Dada, wewe unasemaje?" Nilikuwa nimeuona mdomo wake, mdogo wangu. Niliuona ukipinda. Nikasema, "Wengi wape."

Ukalishusha begi mlangoni.

Kuna mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Solomon Asch, ambaye miaka ya 1950 alikuwa akiwakalisha watu chumbani na kuwaonyesha mistari, waseme upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Ila waliokaa pale walikuwa wamepangwa kujibu kwa makosa, isipokuwa mmoja asiyejua lolote, naye zamu yake ilifika karibu na mwisho, akiwa ameshawasikia wenzake. Katika raundi zile za mtego, takriban thuluthi moja ya majibu ya watu kama huyo ilifuata kosa la wengi. Lakini alipowekwa mwenzake mmoja wa kusema alichokiona, makosa yalipungua sana. Mmoja tu. Nililisoma hilo usiku, sikulala.

Hata hivyo, nawe unielewe. Mwezi ule mzima nilikuwa nimegombana na baba, nyumba ilikuwa imechoka na sauti yangu. Nilidhani kama una hakika utatoka tu, nasi tutakufuata nyuma. Nilikungoja wewe kama ulivyoningoja mimi. Daktari alituambia kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na sisi tulifika jua limeshachomoza. Najua. Lakini si kila mwenye kiharusi kama chake huwa anafaa kupewa, na si kila anayepewa hupona. Hilo nimelisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Miaka miwili mama aliishi bila kusema neno linaloeleweka. Ulimlisha, ulimgeuza kitandani, na hukunilaumu hata siku moja. Kwa nini hukunilaumu? Ningejua pa kusimama. Badala yake, siku ya mazishi ulikuja chumbani kwangu ukaniuliza kama nguo uliyovaa inafaa. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na watu wakaja kunishika wakidhani namlilia mama.

Kuna kitu sikuwahi kukwambia. Asubuhi ile pale mapokezi walitaka kitambulisho chake. Nikalifungua begi lako. Nilikuta nguo mbili zimekunjwa, kadi ya kliniki, orodha ya dawa zake kwa mwandiko wako, na miwani yake umeiviringisha kwenye leso isikwaruzike. Kitambulisho kilikuwa mfuko wa mbele, mahali ambapo mkono ungefika kwanza. Yote hayo uliyapanga kwa dakika chache, peke yako, kabla hujarudi sebuleni.