Risala ya Klabu ya Sayansi ya Maabara kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu mezani kwetu. Kipande hicho cheupe, kidogo kama kifungo cha shati, ni kiunzi. Juu yake hupandwa seli shina za uboho, yaani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine, ili zijenge mfupa. Ukikikata, ndani ni dodoki tupu.

Kukitengeneza si kazi ngumu. Gramu 1 ya plastiki iitwayo polikaprolaktoni huyeyushwa katika mililita 10 za klorofomu, ndani ya kabati la kufyonza hewa kwani mvuke wake hudhuru ini. Huongezwa gramu 9 za chumvi ya mezani iliyochekechwa, chembe za mikromita 250 hadi 425. Klorofomu ikikauka, kipande hulowekwa siku 2 katika maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Chumvi hutoka na kuacha vitundu. Anayebania chumvi hujiharibia: vitundu havikutani, na chumvi hunasa ndani. Dondoshea nitrati ya fedha maji ya mwisho. Yakiwa meupe kama maziwa, chumvi bado ipo, loweka tena.

Kuua vijidudu kwa otoklevu, mashine ya mvuke moto, hapana! Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, otoklevu hufika 121. Hutumika ethanoli ya asilimia 70 kwa nusu saa, ambayo pia huulazimisha unyevu kupenya plastiki inayokataa maji, kisha kiunzi husuuzwa mara 3 kwa bafa safi, yaani maji ya chumvi yasiyodhuru seli.

Kwenye kupanda ndiko wengi wanakoharibu. Seli kama 200,000 huwekwa katika tone la mikrolita 30, zikaachwa saa 2 au 3 zishike, ndipo kimiminika cha lishe kiongezwe. Ukikimimina mapema, seli huteremka na kung'ang'ania sahani, kiunzi kikabaki kitupu. Lishe hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Ikigeuka njano, seli zimejazana au bakteria wameingia. Ikiwa zambarau, gesi ya kabonidioksaidi imepungua katika inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli.

Shida kubwa, Mheshimiwa, iko katikati ya kiunzi. Pasipo mishipa ya damu, oksijeni hupenya tishu takriban mikromita 200 tu. Seli za nje hunawiri na kuziba vitundu kama utando wa maziwa, za ndani zikafa. Pampu ya kuzungusha lishe husaidia maabara, mwilini haipo. Stockholm, mwaka 2011 na 2012, wagonjwa 3 waliwekewa koo la hewa la plastiki lililopandwa seli za uboho wao, bila majaribio ya kutosha kwa wanyama. Wote walifariki baadaye, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Uswidi ilimtia hatiani daktari aliyewapasua.

Kwa hiyo hatuombi ruhusa ya kugusa mgonjwa. Tunaomba pampu ndogo 1, mtungi wa akiba wa kabonidioksaidi, na betri ya kuifanya inkubeta ibaki nyuzi 37 umeme unapokatika.

Tunaomba kuwasilisha.