Vibarua wasisafirishwe juu ya mizigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua tangu nilipomsaidia rafiki yangu kuhama kutoka Dodoma kuja Mbeya kwa kupitia Mtera na Iringa. Nyanda kame za Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu na mibuyu husimama bila majani kwa miezi mingi, humchosha dereva kwa jua kali na upepo mkavu kabla hata hajalifikia bwawa la Mtera. Kisha, akiwa tayari amechoka, hukabiliwa na kona za mlima Nyang'oro. Huko ndiko nilikoona fuso zilizosheheni makabati na magodoro, na juu yake vibarua wa kupakia wameketi wakishikilia kamba tu. Gari likifunga breki ghafla, vijana hao hawana kinga yoyote. Anayehama hulipia gari na mafuta bila kusita, lakini nauli ya basi ya vibarua wake huiona kuwa gharama ya ziada, na hilo, kwa kweli, linaniuma. Naliomba Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, liyakague magari haya kabla hayajaanza kupanda mlima, na sisi wenye mizigo tuwakatie vijana hao tiketi.

Msomaji wako,
Mbeya